Khabari za Juu na Mizani ya Chini: Visahani Virukavyo Katika Taarikhi ya Milima Yetu

Asubuhi ya tarehe 19 Februari 1951, ndege ya Shirika la Ndege la Afrika ya Mashariki, ya namna iitwayo Lodestar, iliruka kutoka kiwanja cha Nairobi West saa moja barabara, ikiwachukua abiria tisa kuwapeleka Mombasa; na ilipopata mwendo wa dakika ishirini, mbingu ikiwa safi na theluji ya Kilimanjaro ikionekana wazi upande wa kuume, afisa wa redio alimwonyesha rubani wake, Kapteni Jack Bicknell, kitu king'aacho kilichotulia juu ya mlima, kwa makadirio yao futi 10,000 kupita kilele. Rubani alikitazama kwa kitambo asiseme neno, kisha akawaarifu abiria, na wote wakakiangalia, mmoja wao kwa darubini. Walisema kwamba kilikuwa na umbo la risasi, rangi ya fedha iliyofifia, na mistari myeusi iliyosimama wima ubavuni mwake kwa nafasi zilizolingana, na urefu wake wakaukisia kuwa zaidi ya futi 200. Kilikaa palepale muda wa dakika 17, kisha kikaanza kwenda upande wa mashariki huku kikipanda, hata kikatoweka machoni mwao katika kimo walichokikadiria kuwa futi 40,000. Abiria mmoja alikuwa na kamera ya sinema, akakipiga filamu. Khabari hii ilichapishwa katika gazeti la Sunday Post la Nairobi, ikavuka bahari na kuingia katika vitabu vya Ulaya na Marekani, na aghalabu hutajwa kila waandishi wa mambo ya visahani virukavyo wakumbukapo kwamba Afrika nayo ina mbingu.

Mtu asimamaye Mtae, kwenye ukingo wa kaskazini wa Usambara ya Magharibi, huona chini yake nyika ya Mkomazi imetandaa hata milima ya Upare, na katika siku ambazo anga limetakata huuona mlima wa Kilimanjaro wenyewe kwa mbali, umeelea juu ya ukungu pasi na kuonyesha mguu wake. Kutoka huko, na kutoka Irente karibu na mji wa Lushoto, ambako jabali hukatika ghafula na macho yakashuka mpaka Mombo na Mazinde, ndiko tutakakotazama taarikhi ya shauku ile iliyowashika watu wengi ulimwenguni baada ya Vita Kuu ya Pili, ya vyombo vya ajabu na wageni waliodaiwa kutoka sayari nyingine. Hoja yetu ni moja: kwamba khabari itokayo juu haithibitiki kwa kimo cha mahali ilikotoka, wala kwa cheo cha aliyeileta, wala hata kwa wingi wa waliostaajabu, bali kwa yale yanayobaki chini baada ya msimulizi kunyamaza, ambayo mtu mwingine aweza kuyaendea na kuyakuta.

Na mlima ule ule wa Kilimanjaro ulikwisha kuwa kesi ya ushahidi miaka zaidi ya mia moja kabla ya ndege ya Bicknell. Mnamo tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann, akisafiri kutoka pwani ya Mombasa kwenda Uchagani, aliona weupe juu ya kilele, akamwuliza kiongozi wake ni kitu gani, naye akamjibu tu kuwa ni baridi. Rebmann alitambua kuwa ni theluji, akaandika, na maandishi yake yakachapishwa Uingereza mwaka 1849. Walakin mjuzi mmoja wa jiografia huko London, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga ardhi ya Afrika ya Mashariki lakini alikuwa amesoma vitabu vingi juu yake, alikataa katakata kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta, akaifanyia istihzai shahada ya mtu aliyeona kwa macho yake. Mwenzake Rebmann, Johann Ludwig Krapf, ambaye mwaka huo huo wa 1848 alipanda Usambara hata Vugha kuonana na Sultani Kimweri ye Nyumbai, alikuja kuona mwaka uliofuata theluji ya mlima wa Kenya, na yeye pia hakusadikiwa. Ubishi haukwisha mpaka Baron Carl Claus von der Decken alipofika Kilimanjaro mwaka 1861 pamoja na mjuzi wa miamba Richard Thornton, akarudi tena mwaka 1862 na kupanda mpaka kimo cha mita 4,000 na zaidi, theluji ikamwangukia yeye na watu wake.

Wapenzi wa visahani hupenda sana kisa cha namna hii, kwani husema: tazameni, jana wenye elimu walimcheka aliyesema kweli, basi na leo msitucheke. Hoja hiyo yapendeza masikioni, bali imesahau nusu ya kisa. Rebmann hakushinda kwa sababu alichekwa. Wako wengi waliochekwa kwa haki. Alishinda kwa sababu theluji ilimngoja Decken. Alichokisema kilibaki mahali pake miaka kumi na mitatu, na watu wa Uchagani waliokaa chini yake walikijua tangu zamani za babu zao, na yeyote aliyekuwa na miguu, chakula na ruhusa ya masultani wa njiani aliweza kwenda kukipima. Kitu cha mwaka 1951 hakikumngoja mtu. Kilikuwa na mashahidi wengi kuliko Rebmann, tena watu waliozoea kutazama mbingu kwa kazi yao, na kilikuwa na filamu. Lakini kilipokwenda zake kilikwenda na kila kitu chake, hakikuacha ila maneno na makadirio, na makadirio ya ukubwa na umbali wa kitu kisichojulikana, kilicho katika anga tupu pasi na cha kukilinganishia, ni jambo gumu kwa jicho la binadamu yeyote, awe rubani au mchunga mbuzi.

Wala si sadfa kwamba maono ya namna hii hupenda milima. Upepo wenye unyevu ukikutana na mlima hulazimika kupanda, na kwa kupanda hupoa, na kwa kupoa mvuke wake hugeuka wingu. Ukishavuka kilele hushuka na kupata joto, na wingu likayeyuka. Kwa hiyo huwapo juu ya mlima, au upande wake usiopigwa na upepo, wingu laini lenye kingo zilizochongeka, la mviringo au la marefu, lililosimama palepale kwa dakika nyingi ilhali upepo wapita ndani yake kwa kasi. Na upepo ukibadilika, wingu lile hutoweka mbele ya macho kana kwamba limeitwa. Kadhalika wakati wa asubuhi hewa baridi hulala chini na hewa ya joto hukaa juu yake, nao mwanga upitao baina ya tabaka hizo hupinda, yakatokea mazigazi yanayoinua vitu vya mbali, kuvirefusha, kuvikata mapande au kuvitundika angani. Wenyeji wa ukingo wa Usambara huyajua mambo haya bila ya kitabu, kwani kila msimu wa baridi huona bahari ya mawingu ikijaa nyika ya Mkomazi kabla ya jua kupanda, na vilima vya chini vikageuka visiwa. Hatuwezi kusema kwamba mojawapo ya sababu hizi ndiyo aliyoiona Bicknell. Twasema tu kwamba mlima ni mahali ambapo anga hufanya kazi nyingi, na mwenye kutazama huko hana budi kuzihesabu kazi hizo kwanza kabla ya kuwahesabu wageni.

Shauku yenyewe ilianza penye mlima. Tarehe 24 Juni 1947, mfanyabiashara wa Marekani aitwaye Kenneth Arnold, akirusha ndege yake ndogo karibu na mlima wa Rainier katika jimbo la Washington, aliona vitu tisa ving'aavyo vikienda kwa kasi isiyo na mfano, akawaambia waandishi wa magazeti kwamba mwendo wa vitu hivyo ulikuwa kama wa kisahani kirushwacho juu ya maji kikawa charukaruka. Yeye alisimulia mwendo. Magazeti yakachapa umbo. Tangu hapo watu katika nchi nyingi wakaanza kuona mbinguni vitu vya mviringo kama sahani, jambo linaloonyesha kwamba jicho halioni peke yake, bali huona likisaidiwa na yale yaliyokwisha kusomwa. Jeshi la anga la Marekani lilifungua uchunguzi, na kazi hiyo, ambayo kutoka mwaka 1952 ilijulikana kwa jina la Blue Book, ilipofungwa mwaka 1969 ilikuwa imekusanya taarifa 12,618, ambazo zilizobaki bila ya kufumbuliwa ni 701. Hesabu hiyo kila upande huisoma utakavyo: mmoja husema kwamba taarifa nyingi mno ziligeuka kuwa nyota, ndege, maputo na mawingu, na mwingine hushikilia zile 701 kama muflisi ashikavyo hati ya mwisho.

Katika Afrika yetu, khabari zilifuata njia za wakubwa wa siku zile, nazo ni ndege, migodi na magazeti ya Wazungu. Mwezi wa Machi 1952 gazeti la Die Presse la Vienna lilieleza kwamba masahani mawili ya moto yalionekana juu ya migodi ya urani ya Kongo ya Wabelgiji, katika wilaya ya Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na kwamba kamanda wa kiwanja cha ndege cha mji huo aliyafuata kwa ndege ya vita asiyapate. Shirika la ujasusi la Marekani lilikata khabari ile na kuiweka katika majalada yake. Sababu yake yafahamika pasipo shida: urani ya Katanga, iliyochimbwa Shinkolobwe, ndiyo iliyotumika kwa sehemu kubwa katika mabomu ya atomu ya mwaka 1945, na kila kivuli kilichopita juu ya mgodi ule kilitia khofu katika nyoyo za watu waliokuwa maelfu ya maili mbali. Wachimbaji wenyewe, waliosema Kiswahili cha Katanga na kushika mawe yale kwa mikono yao, hawakuulizwa katika khabari ile waliona nini.

Hapo ndipo pafaapo kurudi Usambara na kuuliza mbingu ya watu waliokuwa chini ilikuwa mbingu gani. Kwa Washambaa haikuwa mahali pa kungojea wageni. Ilikuwa ni mvua, na mvua ilikuwa ni siasa. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyefanya uchunguzi wake katika milima hii miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake juu ya ufalme wa Washambaa mwaka 1974, alieleza jinsi watu walivyohesabu uwezo wa Wakilindi, wafalme wa Vugha, kuwa ni uwezo wa kuiponya nchi, kuzifya shi kwa Kishambaa, au kuidhuru, kubana shi. Mvua ikinyesha kwa wakati wake mfalme ni mfalme, na nguvu zikipambana na nguvu nyingine nchi hupata njaa. Kwa elimu ya namna hii, khabari ya juu hupimwa shambani. Hakuna aliyekuwa na haja ya kumwuliza Kimweri mbingu ina umbo gani. Waliuliza mahindi yataota au hayataota.

Pamoja na mvua vilikuwapo vimondo na nyota zenye mikia. Walimu wa vyuoni, ambao Uislamu wao ulipanda mlima kutoka Pangani na Tanga, walifundisha kwamba vimondo ni vya kuwapigia mashetani wanaonyemelea khabari za mbinguni, fundisho ambalo ndani yake mna hadhari kwa wote wapendao kusikiliza mlangoni pa ghaibu. Nyota ya mkia ilihesabiwa na wengi katika nchi zetu kuwa dalili ya vita, njaa au kufa kwa mkubwa. Na ile ya Halley, iliyong'aa mwezi wa Mei 1910, Lushoto ikiitwa Wilhelmstal na kutawaliwa na Wajerumani, ilitanguliza kwa miaka minne tu vita vilivyokuja kuikumba nchi nzima. Aliyetaka kusadiki alipata cha kusadiki, ingawa nyota hiyo hurudi kila miaka 76 hivi, kuwe na vita au kusiwe.

Kisha zikaja mashine. Mwaka 1916, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalipokuwa yakishuka kutoka Kilimanjaro kufuata mto Pangani na reli ya Usambara, ndege za kikosi cha 26 cha jeshi la anga la Uingereza ziliruka kuwapelelezea njia, na mwezi wa Juni mwaka huo Wilhelmstal ikaanguka mikononi mwa Waingereza. Kwa wapagazi na wakulima wa bonde lile, kitu cha kwanza kuruka angani pasi na kupiga mbawa hakikutoka sayari nyingine. Kilitoka katika vita vya watu wengine, na wao ndio waliobeba mizigo ya vita hivyo na kufa kwa njaa na maradhi. Na mwaka uliofuata ilikaribia kutukia ajabu kubwa kuliko visahani vyote: tarehe 21 Novemba 1917 merikebu ya anga ya Wajerumani, Zeppelin L 59, yenye urefu wa mita 226, iliondoka Jamboli katika Bulgaria ikiwa na risasi na dawa za kumpelekea jenerali wao von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa amesukumwa kusini mpaka nchi ya Wamakonde. Iliamriwa irudi ikiwa imekwisha kufika karibu na Khartoum, ikafika Jamboli tena baada ya saa 95 za safari isiyokatika, ya kilomita 6,757. Lau ingalifika, wazee wa kusini wangalikuwa na masimulizi ya chombo kilichoziba jua, nayo yangalikuwa ya kweli neno kwa neno. Na pengine mtafiti wa baadaye angaliyaweka pamoja na ngano.

Sasa tuwafikie wale waliodai si kuona tu bali kuzungumza. Aliyetangulia umaarufu ni George Adamski, mzaliwa wa Poland aliyeishi California, aliyesema kwamba tarehe 20 Novemba 1952 alikutana jangwani na mtu mzuri wa sura kutoka Zuhura, akamfahamisha kwa ishara na kwa mawazo kwamba watu wa sayari nyingine wana khofu juu ya mabomu ya atomu ya binadamu. Kitabu alichokitoa mwaka 1953 pamoja na Desmond Leslie kiliuzwa sana. Lakini mwezi wa Desemba 1962 chombo cha Marekani, Mariner 2, kilipita karibu na Zuhura na vipimo vyake vikaonyesha joto la kuyeyusha risasi, ambamo hakuna sura nzuri iwezayo kudumu. Huko Natal, Afrika ya Kusini, alikuwako Elizabeth Klarer, aliyezaliwa mwaka 1910, aliyedai kwamba chombo kilimshukia kwenye vilima vya chini ya Drakensberg mnamo Desemba 1954, na kwamba mwaka 1956 alichukuliwa na rubani wake, aitwaye Akon, wa sayari ya Meton, ambaye hatimaye alizaa naye mtoto. Akayaandika hayo katika kitabu mwaka 1980 na kuyashikilia mpaka kufa kwake mwaka 1994.

Aliyetuhusu zaidi sisi watu wa milima hii ni Mwingereza George King, dereva wa teksi wa London na mfuasi wa yoga, aliyesema kwamba mwaka 1954 alisikia sauti ikimwamuru ajitayarishe kuwa msemaji wa bunge la sayari, akaunda chama cha Aetherius mwaka 1955. Baina ya miaka 1958 na 1961 alipanda milima ya Uingereza, Marekani, Australia, New Zealand, Ufaransa na Uswisi, akidai kwamba kupitia kwake wakubwa wa anga waliijaza milima hiyo nguvu za kiroho. Na katika orodha ya milima mitukufu 19 ya chama chake umo pia mlima wa Kilimanjaro. Ni jambo la kuzingatiwa. Katika miaka ile ile ambayo Watanganyika walikuwa wakidai uhuru, na ambayo mwisho wake mwenge uliwashwa juu ya kilele hicho hicho mwezi wa Desemba 1961, chama kimoja cha London kiliutia mlima wetu katika daftari lake pasipo kumwuliza Mchaga hata mmoja. Rebmann walau alimwuliza kiongozi wake.

Yawezekana msomaji atauliza mbona shauku hii haikuenea sana kwa wenyeji, ilhali watu wetu hawapungukiwi na usikivu wa mambo ya ajabu. Jawabu, kwa maoni yetu, ni kwamba khofu zao zilikuwa na anwani. Katika bonde la Mlalo, kuanzia mwaka 1946, serikali ya Waingereza ilileta mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, uliokuja kuenezwa Usambara, na kuwalazimisha wakulima wafanye matuta mashambani kwa vipimo vya maafisa. Watu waliupinga kwa miaka mingi, hata ukaachwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwanamke aliyeamriwa kuchimba matuta katika shamba lenye mteremko hakuwa na haja ya kutafuta nguvu ngeni itokayo angani, kwani aliiona ikishuka kutoka boma la Lushoto. Na mijini, tetesi zilizowatia watu mbioni usiku zilikuwa za mumiani, watu waliosemwa kuwa hukamata wapita njia na kuwanyonya damu, wakiwa na magari, nguo rasmi na vifaa vya serikali. Hizo nazo zilikuwa khabari pasipo ushahidi wa kushikika. Lakini zilisema jambo la hakika juu ya hali ya mtu asiye na kauli mbele ya wenye mashine.

Unguja ilitoa mfano ulio wazi zaidi. Mwaka 1960 Waingereza na Wamarekani walipatana kujenga Tunguu kituo cha kufuatia safari za angani za mpango wa Mercury, na kituo hicho kilikuwa miongoni mwa vile vilivyomfuatia Mmarekani John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962. Wakubwa walisema kuwa ni mitambo ya kusikilizia tu. Wanasiasa na raia wengi walishuku kuwa ni kituo cha makombora, na kwamba siku ya vita kisiwa kitapigwa kwa ajili yake. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Sheikh Abeid Amani Karume iliamuru kiondolewe, kikaondolewa. Basi huu ulikuwa mkutano wa kweli wa Waswahili na anga za juu, wenye mapatano, mitambo na maandamano, na neno lililobishaniwa halikuwa kama kuna watu Zuhura, bali nani atalipia madhara.

Na fasihi yetu ilikuwa imekwisha kulitazama jambo hili kwa jicho lake yenyewe. Mwaka 1951, mwaka ule ule wa kitu cha Kilimanjaro, Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, bandari ambayo reli ya Usambara ilianzia, alichapisha Kusadikika, hadithi ya nchi iliyoko angani, ambamo mshitakiwa Karama ajitetea mbele ya baraza kwa kusimulia khabari za wajumbe sita waliopelekwa pande sita za ulimwengu, wakarudi na mambo yenye manufaa, wakalipwa kifungo. Adamski na wenzake waliifanya anga kuwa makao ya wenye hekima waliokuja kutuhukumu. Shaaban Robert aliifanya kuwa nchi ya watawala na wasemao kweli kama nchi yoyote ya chini, na wajumbe wake hawakusifiwa kwa umbali waliokwenda, bali kwa walicholeta. Hatusemi kwamba aliandika kwa kujibu visahani. Twasema kwamba msomaji wake wa Tanga au Lushoto alikuwa na kipimo mkononi kabla ya kuletewa bidhaa.

Daktari wa nafsi Carl Gustav Jung wa Uswisi, ambaye katika safari yake ya Afrika ya Mashariki ya mwaka 1925 na 1926 alikaa na watu wa mlima wa Elgon na kuwaona wakilisalimu jua lichomozapo kwa kulitolea viganja walivyovitemea mate, aliandika mwaka 1958 kitabu kizima juu ya visahani, akasema kwamba umbo lile la mviringo ni alama itokayo ndani ya nafsi zilizogawanyika na kuogopa, zikitamani ukamilifu. Yawezekana ni kweli kwa Ulaya iliyokuwa baina ya mabomu mawili. Lakini fasiri ya namna hiyo ina ila yake: hugeuza kila kionwacho kuwa khabari ya mwonaji, na kwa kipimo hicho hata theluji ya Rebmann ingaliweza kufasiriwa kuwa hamu ya mmisionari kwa milima ya kwao. Karibu hivyo ndivyo Cooley alivyofanya.

Tanzania inaye mgeni wa angani asiyebishaniwa. Kimondo cha Mbozi, kilichoko Songwe, pande la chuma lenye urefu wa mita tatu na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, kiliandikwa na wataalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1930, ingawa wenyeji walikuwa wakikijua kabla ya hapo. Zaidi ya asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli, mchanganyiko unaotambulisha asili yake ya mbinguni. Hakuna masimulizi thabiti ya siku kilipoanguka. Hapa tuna kinyume cha asubuhi ile ya Kilimanjaro: huko mashahidi walikuwapo na kitu hakipo, huku kitu kipo na mashahidi hawapo, na kila mwenye akili timamu, akiulizwa katika mawili hayo ni lipi limfanyalo asadiki kuwa kuna vitu vishukavyo kutoka nje ya dunia, atakwenda Mbozi.

Usambara nayo ina kisa chake cha mgeni, ambacho Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy alikiandika kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi. Mbega, mwindaji kutoka Nguu, alifukuzwa kwao akaingia milimani mtu asiyejulikana, moshi wa moto wake ukaonekana, watu wakaenda kutazama ni nani. Hawakumwuliza siri za ulimwengu. Aliwapa nyama, wakampa chakula cha mashamba yao. Aliwaulia nguruwe waliokula mazao, akaua simba, akaamua magomvi yao kwa haki, na kwa hayo wakamtawalisha. Wanahistoria hubishana ni kiasi gani cha kisa hiki ni taarikhi na kiasi gani ni mfano, lakini kanuni yake ya kumpokea mgeni iko wazi. Wageni wa Adamski, wa Klarer na wa King, ambao kwa madai ya wafuasi wao walipita mamilioni ya maili na kuzipita elimu zetu zote, hawakuleta mbegu, wala dawa, wala kipande cha chuma. Walileta nasaha kwamba vita ni vibaya na bomu la atomu ni hatari, neno ambalo mkulima wa Mlalo, aliyekwisha kupelekwa Burma na kurudi, angaliweza kuwafundisha wao.

Linalobaki kwa mwenye kutunza urithi ni kazi, wala si kicheko. Kapteni Bicknell alifanya alivyopaswa: alitaja siku, saa, mahali na mashahidi, na kwa sababu hiyo twaweza kumjadili baada ya miaka zaidi ya sabini. Wazee wa Mtae, Mlalo, Vugha na Bumbuli, walioona ndege za kwanza au waliosimuliwa na baba zao juu ya nyota ya mkia, hawakupata gazeti la kuwachapia. Mwenye kalamu na akawaendee, aandike jina la mahali, msimu wa mwaka, nani alikuwapo na nani aliyemsimulia nani, kama Abdallah bin Hemedi alivyofanya kwa Wakilindi. Na lile lisiloweza kuthibitishwa aliandike pia, akilitenga na yaliyothibiti.